Godoro la Mama Mkwe

Godoro jipya lililokunjwa lilinizibia dirisha la basi tangu Musanze, kwa hiyo sikuwa na la kufanya ila kusikiliza. Muuza vitenge alimwuliza mwenye godoro, mwanamke asiyemjua, ni la nani.

"Ni ya mama mukwe. Wakati walinitoa kizazi juu ya kansa, alitoka Bugeshi kuniuguza. Analala na mi kitandani, bwana yangu analala salon, kwenye kiti. Nimeshapona, na yeye iko tu pale."

"Daktari anasema nini?"

"Anasema tunaweza kulala pamoja, polepole. Lakini aliniambia mi peke yangu."

"Donc umwambie bwana!"

"Nitaanzia wapi? Ananiuliza kama nimekunywa dawa, basi. Hata mukono yangu hagusi."

Muuza vitenge alikasirika, kwa sauti iliyotosha basi zima. "Mutu alikuogesha, leo unamufukuza na matela?" Alilipiga godoro kofi.

"Simufukuzi. Chumba ya watoto iko." Alishusha sauti. "Mama, mi nina hamu na bwana yangu. Ni zambi?"

Dereva akazima redio, sijui kwa heshima au ili asikie vizuri.

"Si zambi, mwanangu. Lakini matela haina kinywa."

Basi lilisimama Gisenyi. Mume wa mwenye godoro alikuwa akingoja. Alilibonyeza godoro kwa kiganja, akatabasamu kama mtu aliyekumbukwa.

"Asante sana, mama watoto," alisema akijitwika. "Mbavu zangu zilikuwa zimechoka na ile kiti ya salon."