Mapafu ya Kibuta na Wivu wa Dokta Laurensia

Wasifu huu umeandaliwa na familia na unasomwa na mdogo wa marehemu, Marselina Mihayo. Kuhusu karatasi hii marehemu aliacha agizo moja tu: wivu wake usifichwe. Alisema wasifu wa mtu asiye na wivu ni wasifu wa malaika, na malaika hawazikwi hapa kijijini Janga. Wazee wa familia walilijadili agizo hilo, baadhi yao wakaguna, lakini mwishowe wakasema neno la marehemu halipingwi.

Dokta Laurensia Didas Mihayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 Urambo, mkoani Tabora, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Didas Mihayo na Mama Agata, wakulima wa tumbaku. Katika kaya ile kila mtoto alikuwa na zamu ya kuchochea moto kwenye bani, kibanda cha udongo ambamo majani ya tumbaku hukaushwa kwa joto la kuni. Kaka yake mkubwa, ambaye ametangulia mbele ya haki, alikuwa akisifiwa kwa moto wake. Laurensia hakulivumilia hilo. Akitoka shule alikwenda kuinama mdomoni mwa tanuri, akapuliza makaa kwa kinywa chake mpaka macho yakawa mekundu, ili na yeye asifiwe. Akasifiwa. Mama yake alimwambia, "We mtoto, wivu utakuua," na wote wakacheka.

Shule ya msingi aliisoma hukohuko Urambo na sekondari Tabora mjini. Mwaka 1989 alikuja Kibaha kwa kidato cha tano na cha sita, kisha akasomea udaktari Muhimbili kuanzia 1992 hadi 1997. Wanafunzi wenzake walioko hapa leo watakumbuka kwamba akishika namba moja alikula kama watu wengine, na akishika namba mbili alisusa ugali.

Tarehe 17 Julai 1999 alifunga ndoa na Mwalimu Ambokile Mwakalinga, wakajaliwa watoto wawili, Stellamaris na Lusajo. Waliishi mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, na kulima huku Janga. Mwalimu ameomba isomwe kwamba katika ndoa yake yote hakuwahi kuonewa wivu hata siku moja. Wivu wote ulikwenda kwa Mwanajuma, na Mwalimu anakiri kwamba jambo hilo lilimuuma kidogo.

Mwanajuma huyo ni Dokta Mwanajuma Seifu, mzaliwa wa Masaki, Kisarawe. Laurensia alikuwa ameajiriwa katika hospitali moja ya Kibaha tangu 1998, akitibu magonjwa ya kifua. Mwanajuma alipopangiwa kazi hapo mwaka 2006, siku ya kwanza tu alimkuta Laurensia amekaa akakivuta kiti.

"Simama, mtani. Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo, kukaa mmejifunzia wapi?"

"Kaa wewe," Laurensia akajibu. "Mzaramo akisimama ujue ngoma imelia."

Basi utani ukaanza, na ndani ya utani ule mlikuwa na ushindani wa kweli. Wote wawili walikuwa wakitafuta kitu kimoja: fedha za kufanyia utafiti wa mapafu yaliyoharibiwa na moshi. Marehemu alikuwa na malalamiko yake juu ya hilo, na kila mgeni aliyekunywa chai nyumbani kwake aliyasikia. Alisema malaria ina wafadhili, kifua kikuu kina wafadhili, lakini mama anayekohoa kwa sababu ya kuni anaambiwa afungue dirisha. Kila tangazo la ufadhili lililotoka, la ndani au la ng'ambo, alilisoma mpaka nukta ya mwisho, kisha akauliza kama Mwanajuma naye ameliona.

Mwaka 2018 mfuko mmoja wa ng'ambo ulitangaza fedha kwa ajili ya magonjwa ya mapafu. Laurensia aliombea wakulima wa tumbaku wa Urambo. Mwanajuma aliombea wachoma mkaa wa Masaki na Kibuta, kwao Kisarawe. Akapata Mwanajuma. Laurensia alijibiwa kwamba Urambo ni mbali mno na kituo chake cha kazi. Aliona wivu, na familia haiwezi kulipamba neno hilo. Wivu ulimuuma kama jino. Alikaa mezani bila kugusa chakula, akasema, "Mwenzangu kazaliwa kwenye moshi wenye wafadhili."

Agosti 2019 baba yake Mwanajuma, Mzee Seifu Zahoro, alifariki huko Masaki. Watani walikwenda, na Laurensia alikuwa mbele yao. Jeneza lilipotaka kutoka, alitandika kanga mlangoni akalala.

"Hatoki mtu hapa."

"Unataka nini, mtani?" wazee wakamwuliza. "Kuku?"

"Kuku kaleni wenyewe. Nataka mapafu ya Kibuta."

Msiba mzima ulicheka. Mwanajuma naye, machozi yakimtiririka, akacheka, akasema, "Chukua Kibuta yote. Mpishe baba yangu."

Alichopewa mtani msibani hakirudishwi. Jumatatu yake Laurensia alikuwa Kibuta, ameshuka kwenye bodaboda na mkoba wake, anauliza wachoma mkaa wako wapi. Wafadhili hawakuelewa. Mwanajuma aliwaeleza kwa simu utani ni nini, nao wakauliza utani unaingia kifungu gani cha bajeti. Baada ya kuvutana sana walimkubali Laurensia kwa cheo cha mshauri wa mila. Daktari wa mapafu, mshauri wa mila! Cheo hicho alitembea nacho kama kokoto ndani ya kiatu, na kila alipokitaja alimtaja na Mwanajuma.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kule Kibuta alipendwa. Mashine ya kupima pumzi inataka mtu apulize kwa nguvu mpaka ahisi hana kitu tena kifuani, na akina mama walikuwa wakiona haya. Basi Laurensia alikuwa anatangulia kupuliza yeye. "Puliza kama unazima moto wa mke mwenzio," aliwaambia, na hapo hata bibi zao walipuliza.

Kila alipopuliza, lakini, namba yake ilitoka ndogo kuliko ya wachoma mkaa. Yeye alijua kosa liko wapi.

"Mashine ya Mwanajuma mbovu hii. Kapewa hela ya watu akanunua kopo."

"Mashine nzima, mtani," Mwanajuma akamjibu mbele ya watu. "Mbovu ni wewe."

Watu walicheka, na Laurensia aliwazidi wote. Tangu lini Mnyamwezi akaamini neno la Mzaramo? Alikwenda hivyo zaidi ya mwaka, akipanda ngazi za hospitali kwa kupumzika katikati, akimlaumu aliyejenga ngazi. Mganga hajigangi. Familia inasema hili kwa uchungu: kama mashine ile ingekuwa imenunuliwa na mtu mwingine yeyote, angeiamini.

Februari 2022 Mwanajuma alikuja Picha ya Ndege. Hakuvuta kiti cha mtu, hakufunua sufuria, hakumtukana mwenye nyumba. Alikaa ukingoni mwa kochi akasema, "Dokta Laurensia, naomba nikupeleke ukapigwe picha ya kifua."

Marehemu alimtazama, halafu akamgeukia mumewe. "Basi nimekwisha," akasema. "Mwanajuma kaniheshimu."

Picha ilionyesha mapafu yameota makovu, ya zamani na mapya, na hayakuwa na tiba ya kuyarudisha. Aliendelea na kazi mpaka Septemba 2023, kisha akakaa nyumbani na mashine ya oksijeni. Siku zile wivu wake ulihamia kwenye pumzi za watu. Aliwaonea wivu wanakwaya. Aliwaonea wivu vijana wa bodaboda wanaoitana kutoka ng'ambo ya barabara, na mbuzi wa jirani wanaopanda vichuguu bila kuhema. Tulimpeleka Janga mara moja akaona mwanamke amebeba kuni huku anaimba, akalia njia nzima kurudi.

Mwishoni mwa 2024 mfuko uleule ulitoa tangazo jipya, na safari hii sharti la umbali halikuwepo. Aliomba tena Urambo. Hakuwa na nguvu ya kuandika, akawa anasema na Marselina anachapa. Alieleza bani, makaa, watoto wanaoinama mdomoni mwa tanuri, na akaweka mapafu yake mwenyewe kuwa mfano wa kwanza. Palihitajika jina la pili, mtu wa kuushika utafiti kama wa kwanza atashindwa.

"Andika Mwanajuma. Wa pili. Haya, nisomee."

"Mwanajuma Seifu, wa pili."

"Rudia."

Majibu yalikuja Alhamisi tarehe 29 Mei 2025. Alikuwa amepata. Alikataza Mwanajuma asipigiwe simu. Alitaka aje aambiwe mbele yake, amwone uso. Mwanajuma alipokuja akaambiwa, alisema, "Nina wivu, mtani." Laurensia alicheka mpaka mrija wa oksijeni ukamtoka puani. Hatukuwahi kumwona na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yake, na Mwalimu Ambokile ni shahidi.

Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025 asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Aya hii imeongezwa jana jioni. Jeneza lilipofika nyumbani likitoka mochwari ya hospitali, tulimkuta Dokta Mwanajuma ametandika kanga mlangoni amelala. Wazee walimwuliza anataka nini. Utafiti wa Urambo ni wake sasa kwa sharti la mfuko, kwa hiyo tulidhani atataja kuku.

"Utafiti nitaufanya, hilo halina kuomba," akasema akiwa palepale chini. "Nataka kila karatasi ya utafiti itakayotoka Urambo, jina lake likae juu na langu chini. Mkiniweka mimi wa kwanza, nitamwonea wivu nani?"

Mwalimu Ambokile ndiye aliyejibu. "Chukua, mtani. Mpishe mke wangu." Mwanajuma akainuka, akakung'uta kanga, akajitanda.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Ambokile. Watoto, Stellamaris na Lusajo. Mdogo wake, Marselina. Na wa pili wake, Mwanajuma Seifu. Mungu ampe pumzi ya kutosha huko aliko. Apumzike kwa amani, akiwa wa kwanza.