Miaka Kumi na Mitano Aliyoongezewa Wilbrodi Masalu

Hamsini na minne, si sitini na tisa, na baba mdogo Nkwabi hata akizidi kuvuta koti la Kashindye hapa mbele ya jeneza, karatasi hii ya wasifu wa marehemu itasomwa kama ilivyoandikwa, kwa sababu tangu alfajiri wazee wa ukoo wanasema, "Wewe Kashindye, mtu amekwisha kufa, miaka ya nini tena? Acha hiyo sitini na tisa, ina heshima, watu wajue alikula chumvi." Hakuila hiyo chumvi, wapendwa waombolezaji. Kashindye, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye huyu anayewasomea, hakukanyaga sekondari, kusoma alijifundishia magazeti ya kufungia sukari, lakini kutoa hesabu anaweza.

Marehemu Wilbrodi Masalu Mihayo alizaliwa tarehe 12 Machi 1923 huko Busisi, mtoto wa tatu wa mzee Mihayo na mama Kija, akabatizwa Jumapili ya Pasaka mwaka huo huo, na cheti cha ubatizo alikitoa jana mkewe, shemeji Wilhelmina, chini ya sanduku la nguo, tulipokuwa tunatafuta tarehe ya kuandika msalabani. Alisoma hadi darasa la nne, 1933 hadi 1936, akabeba marobota ya pamba mjini Mwanza tangu 1942, na mwaka 1961 akaajiriwa kufunga na kufungua kamba za kivuko cha Kigongo, kazi aliyoifanya miaka kumi na mitatu bila kuidondosha kamba majini hata siku moja.

Alifunga ndoa na Wilhelmina Jumamosi ya tarehe 11 Septemba 1948, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza akiwa Suzana, na wote wako hapa.

Mwaka 1972 ndipo kiu ilipomwanza, akawa anakunywa maji kopo juu ya kopo, usiku anaamka mara sita, mara saba kwenda kukojoa, na pale alipokojolea asubuhi panajaa sisimizi, watoto wakicheka, "Babu anakojoa asali!" Akala vizuri akakonda, suruali akaifunga kwa kamba ya katani, macho yakaingia ukungu, nyayo zikafa ganzi, na sisi sote, msomaji wenu akiwa wa kwanza, tukamwambia, "Ni uzee huo, kaka, uzee hauna dawa." Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Novemba 1974 tulipohamia kijiji cha ujamaa, aliyeandika daftari la kijiji alikuwa Kashindye, na kwetu aliyepita sitini alisamehewa jembe la shamba la kijiji, naye alipomwona kaka yake amesimama kwenye foleni anatetemeka, akaandika sitini na sita, kwa huruma, akijua wazi kwamba hata hamsini na tano hajafika. Yeye anayejisifu kwamba hasemi uongo. Na kilichomtisha jana ni kwamba uongo ule aliuandika mwenyewe kisha akausadiki mwenyewe, kwani kila kaka yake alipokwenda zahanati, umri ulinakiliwa kutoka lile daftari, naye akarudishwa na vidonge vya maumivu, "Mzee, kapumzike."

Juni mwaka huu alikanyaga msumari, ukapenya katambuga yake ya tairi, ukaingia mguuni, akatembea nao kutwa nzima bila kuhisi, mpaka Wilhelmina alipoona damu sakafuni. Mguu ukaoza. Tulipomvusha kwa kivuko kumpeleka hospitali Mwanza, daktari alipima mkojo, akamtazama meno, akatugeukia, "Nani kawaambia huyu ni mzee? Huyu ni mgonjwa. Ana kisukari cha miaka mingi." Alifariki Jumatano, tarehe 3 Agosti 1977, saa kumi jioni.

Tumeambiwa, na sasa tunawaambia: uzee huleta mvi, hulegeza ngozi, huliza magoti, humfanya mtu asome barua ameinyoosha mbali kama anayeogopa kuumwa nayo, lakini uzee haumkondeshi anayekula, haumwamshi mtu mara saba kwa kiu na mkojo, wala hauzimi nyayo zisijue msumari. Hayo ni maradhi, na maradhi yana dawa yakiwahiwa.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliomhangaikia siku kumi na tisa, majirani waliombeba kwa kitanda hadi kivukoni, na wafanyakazi wenzake waliokataa katakata kupokea nauli yetu. Msalabani imeandikwa 1923, rangi imekwisha kukauka. Kaka Wilbrodi, lala sasa usingizi usiokatizwa na kiu, kwa amani ya Mungu, na utusamehe.

Tuliobaki, bado tunadaiwa. Jumatatu saa mbili asubuhi, kila aliyevuka arobaini katika ukoo huu afike zahanati na mkojo wake kwenye chupa safi, Kashindye atakuwa mlangoni na daftari jipya, na kila mtu ataje umri wake wa kweli.