Lundo la Mama Cherehani Lafuka

Tulikuwa ndiyo kwanza tumemiminiwa kahawa, Kinyozi akaona mvuke mwingine nyuma ya benchi letu. Ulitoka kwenye lundo la Mama Cherehani, fundi nguo wetu: maganda, majani makavu na mabaki ya jikoni ya mtaa mzima. Mama huyo alilianzisha baada ya mumewe kuachishwa kazi, apate mbolea ya bustani ya mboga. Mwenye nyumba alishamwonya: likileta balaa, linazolewa siku hiyo hiyo.

— Jamani, linaungua! akapiga kelele Kinyozi.

— Bomba la gesi hilo, limepasuka chini, akasema Redio, ambaye hajawahi kukosa la kusema.

— Gesi ipi? Hata la maji hatuna!

— Basi volkano. Huanza hivi hivi, kidogo kidogo.

— Volkano ya maganda ya viazi?

— Mnabisha nini? akadakia Fundi Viatu. Kuna kitu kimezikwa humo. Tena kina betri!

Mama Cherehani akatoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

— Shemeji, utaungua! akalia Kinyozi.

— Limeshika! Jamani, limeshika joto! akashangilia, akiruka kama msichana. Ni vidudu hivyo, havionekani kwa macho. Vinakula, vinapumua, joto linapanda! Juzi lilikuwa baridi, linanuka, nikalia. Nikaligeuza lipate hewa, nikaongeza majani makavu. Njooni mshike!

Tukapanga foleni. Redio alipoingiza mkono, alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Hapo akatokea Mwenye nyumba, ndoo ya maji mkononi.

— Pisheni! Nilisema mimi!

— Baba, shika kwanza, ndipo umwage, Mama Cherehani akamsihi.

Akashika. Akanusa vidole.

— Mbona halinuki?

— Vidudu vyake vimepata hewa, baba. Hata maji yako linayataka, ila kidogo tu.

Mzee akachota kwa kiganja, akanyunyiza taratibu.

— Haya, libaki. Lakini mwanangu, hivyo vidudu vikimaliza chakula hapa, vitakwenda wapi?

Tukamtazama Mama Cherehani. Yeye akatazama nyumba zetu.

Kinyozi akainuka.

— Nakuja, akasema. Nyumbani kuna maganda ya mihogo.