Zamu ya Mashine na Nyumba Yenye Matanga

Bwana asifiwe, wamama wa Naitiri! Asifiwe tena! Leo nikianza kuruka hapa mbele mnivumilie, furaha imenizidi.

Mnanijua. Nilimaliza fomu foo, alama za chuo kikuu sikupata. Nikaenda Kitale kuuza spea katika duka la mzee mmoja Singasinga. Wateja wakipungua aliniachia kompyuta, nikajifunza kuandika programu kwa video za bure. Watu walinicheka! "Ati injinia bila digrii? Si uolewe tu, bana!" Ndugu zangu, nawaambia, iliniuma. Nikaomba kazi kila mahali, kimya.

Basi nikakitengenezea hiki chama chetu programu ya zamu ya mashine ya kupukuchua mahindi. Mnakumbuka vile tulikuwa tunagombana? Sasa simu inakuambia kesho mashine ni yako. Ukijibu, inakuja. Usipojibu, inaenda kwa jirani. Raha!

Halafu mama mmoja hapa akafiwa. Na sisi mashine haingurumi kwenye matanga, si ndiyo? Programu ikaona hajajibu, ikamtupa mwisho wa foleni. Mvua ikamkuta, mahindi yakaota akiyaangalia. Alikuja kwetu akanifokea: "Hiyo kitu yako haijui mtu amefiwa?" Nililia, wacha niseme ukweli. Kisha nikairekebisha. Nyumba yenye matanga inangojewa, na ikishazika inatangulia wote.

Wiki jana nikaitwa Bungoma, kampuni ya programu za wakulima. Wakauliza digrii. Nikasema sina, lakini niko na zamu ya mashine, nikawaonyesha. Mkubwa wao akauliza, "Iliwahi kukosea?" Nikasimulia yote, hata kufokewa. Akanirudishia simu, nikajua nimekwisha.

Akasema, "Wakulima wetu pia hufiwa, na programu yetu haijui. Jumatatu njoo uanze na hiyo."

Jumatatu, ndugu zangu! Ni kesho!

Asante mzee wa duka. Asante chama. Vijana, digrii ikikupita, tengenezea jirani yako kitu, halafu kaa karibu akugombeze.

Na wewe mama uliyenifokea, jina silitaji, lakini nakuona unajificha na leso. Wewe ndiye ulinipatia kazi. Asante! Tena angalia simu yako, msimu huu mashine inaanzia kwako kesho.