Mguu wa Maikrofoni

Siku hiyo mpumbavu nilikuwa mimi, maana nilidhani nimepata kichekesho cha safari. Kwenye tramu ya Aleksandria, mbele yangu, alikaa Bwana Rifaat amepakata boksi la nyaya, kompyuta ndogo, spika na maikrofoni yenye mguu wa mti. Jirani yake, Bassem, kijana wa miwani, akachungulia ndani. "Hiyo inaendeshwa na programu ya Linux, ustadhi? Umeiunda mwenyewe?"

"Niliiunda. Sasa naipeleka sokoni, aichukue anayeitaka, hata bure."

"Bure! Imekukosea nini?"

Rifaat akaeleza kwamba ilikuwa ikimletea sauti ya chumba cha mama yake mgonjwa hadi ghorofani anakofanyia kazi, ili mama akiita asikie. Alasiri moja mtambo ukajisasisha, ukazima, haukuwaka tena. Yeye juu akaufurahia ule utulivu, akidhani mama kalala. Aliposhuka, alimkuta keshakata roho.

"Mungu amrehemu," akasema Bassem, lakini fundi ni fundi. "Ila usiisingizie Linux. Kujisasisha kunazuiwa, ustadhi, kwa amri moja tu."

"Haikuniambia kuwa imezima!"

"Hukuiambia ikuambie!"

Mdomo wangu hauna breki, nikajichomeka: "Mngempa bibi fimbo agonge ukuta. Fimbo haijisasishi!"

Tramu ikasimama. Rifaat akainuka, akanionyesha ule mguu wa maikrofoni, umelainika kwa kushikwa miaka mingi.

"Alikuwa nayo, bwana. Nilimwambia haihitaji tena, nikaikata."