Nani Atamzika Mama

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Namba siijui.

MCHUNGAJI MZEE: Mimi. Simu ya muuguzi hii, na salio lenyewe la kubabaisha.

FUNDI: Ah, Baba! Shikamoo. Pole sana na msiba, Baba.

MCHUNGAJI MZEE: Marahaba, mwanangu. Mguu huu umefungwa, wodini sitoki. Kesho mke wangu anazikwa, mimi niko huku natazama dari. Umeandaa neno la kumzikia?

FUNDI: Baba, mtandao unakata—

MCHUNGAJI MZEE: Haukati. Nasikia hata unavyohema.

FUNDI: Siongozi mimi kesho. Ni yule kijana mpya wa chuo cha Biblia.

MCHUNGAJI MZEE: Aliyekuja juzi? Anamjua mke wangu?

FUNDI: Kanipigia asubuhi kuuliza jina lake.

MCHUNGAJI MZEE: Jina! Wewe miaka kumi na minne nimekuzungusha kila msiba, kila kitanda cha mgonjwa. Nani alikufundisha ukiingia penye kilio unyamaze kwanza?

FUNDI: Wewe, Baba.

MCHUNGAJI MZEE: Na mke wangu alikwambia kwa mdomo wake—

FUNDI: "Fundi, utanizika wewe." Nilimwahidi. Inaniuma, Baba, we acha tu.

MCHUNGAJI MZEE: Sasa?

FUNDI: Kamati ya kanisa imenisomea kanuni. Asiye na cheti cha chuo haziki. Nikifungua mdomo kaburini, natengwa mimi na wale vijana watano ninaowalea kwenye huduma.

MCHUNGAJI MZEE: Kanuni ya wapi hiyo? Nipe huyo katibu nimpashe! Nani kaitunga upuuzi—

FUNDI: Baba.

MCHUNGAJI MZEE: Nani?

FUNDI: Sahihi ya kwanza pale chini ni yako.

(Mtandao unakwaruza.)

MCHUNGAJI MZEE: Ile... ile ilikuwa ya wale matapeli wa mahema. Waliokuwa wanawauzia watu maji ya upako.

FUNDI: Najua. Ila haikuandikwa matapeli. Imeandikwa "mtu yeyote".

MCHUNGAJI MZEE: Ulikuwepo siku ile?

FUNDI: Nilikuwa narekebisha mguu wa meza mliyosainia.

MCHUNGAJI MZEE: Mbona hukusema, jamani?

FUNDI: Ningekukatizaje mbele ya wazee?

MCHUNGAJI MZEE: (anakohoa) Basi nenda chuoni. Nitawaandikia—

FUNDI: Nina miaka hamsini na mbili, Baba. Nimeishia darasa la sita. Fomu nimejaza mara mbili, zimerudi.

MCHUNGAJI MZEE: Hukuniambia.

FUNDI: Ungesikitika.

MCHUNGAJI MZEE: Sasa kesho utafanya nini?

FUNDI: Nafanya sasa hivi. Jeneza. Nimebakiza kifuniko.

(Randa inapita juu ya mbao.)

MCHUNGAJI MZEE: Jina lake umempa huyo kijana sawasawa?

FUNDI: Herufi kwa herufi.

MCHUNGAJI MZEE: Basi mwombee hapa hapa, nisikie mimi. Kwenye simu hakuna kamati.

FUNDI: Haya, Baba. Tufumbe macho. Ee Bwana, mama yetu huyu, aliyenipokea nikiwa sina hata—

MCHUNGAJI MZEE: Naam. (salio linaisha, simu inakatika) Endelea, mwanangu. Fundi? Endelea tu, bado nimefumba macho... Haloo?