Kikombe cha Clifford

— Sasa mtu ana dawa, tena ya bure, anaiachaje?

Kontena aliuliza. Zuhair alikuwa akimimina kahawa, na kijiweni kwake Chaani, dele, birika lake la shaba, likiinama kila mtu hunyamaza. Clifford, mwenzao wa siku nyingi, jana alibebwa kupelekwa hospitali, mifupa mitupu. Alikuwa ameacha dawa za kupunguza makali ya virusi. Nzai alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Zake yeye zilikuwa chini ya godoro, hajazigusa tangu mwezi uliopita, na pale benchini hakuna aliyejua.

Kisha midomo ikafunguka.

— Ni wale wa maombi, alisema Zuhair. Aliambiwa amepona, akaamini.

— Wacha hizo, mzee. Ni geti ya bandari! Zile dawa ziko na chuma, alisema Kontena, mpakuzi wa mizigo bandarini kama Clifford. Ukipita kwa mashine, inalia.

— Wallahi hapo umeongopa! Chuma? Basi akipanda feri si ingezama?

— Na unadhani kwa nini alihama Likoni?

Wakacheka. Nzai naye akacheka, akichelewa kidogo.

Mwanasaumu, binti wa jirani, akaja na chupa kuchukua kahawa ya babake.

— Shikamoo, ami Zuhair.

— Marahaba, mwanangu.

— Kile cha plastiki, chekundu, pale msumarini, ni cha nani?

— Cha Clifford.

— Mbona alikuwa na chake peke yake?

Zuhair aliinamisha dele, akamjazia chupa, naye binti akaenda zake. Kontena alitazama viatu vyake. Vikombe vya kijiwe huchovywa katika beseni moja, vikazunguka midomo yote. Siku waliposikia habari za Clifford walimnunulia chake, kwa wema kabisa, hata rangi wakamchagulia. Alishukuru, akakinywea siku mbili tatu, hakuonekana tena. Wema gani huo, unaomtoa mtu benchini huku ukimchekea?

Nzai aliyaona yote. Tangu hapo kila akifungua kopo la vidonge likalia, alihisi wapangaji wenzake wote wanasikiliza. Akaruka siku, akaruka ya pili. Kisha akaogopa kurudi kliniki, maana anayeruka hukaripiwa na wauguzi, foleni nzima ikisikia.

— Hata mimi niliacha, alisema.

— Uliacha nini? Sigara? aliuliza Kontena.

— Dawa. Kama za Clifford.

Mkono wa Zuhair ukasimama hewani. Nzai hakutazama uso wa mtu, alitazama mkono ule. Ukapita msumarini bila kugusa kitu, ukachovya kikombe cha udongo ndani ya beseni, ukamimina hadi kikafurika.

— Kunywa, yakhe. Moto huo.

Nzai akanywa, kahawa ikimdondokea kidevuni. Akamgeukia Kontena.

— Kesho asubuhi nisindikize kliniki. Usiseme kitu. Keti tu kando yangu mpaka niitwe.